Tabo Mbili Katika Gari la Brekidauni: Zinachoongeza na Zisichoongeza

Katika miji ya mipakani, gari la kuvuta magari mabovu, ambalo wengi wetu hulijua kwa jina la brekidauni, ni chombo cha lazima. Lori likikatika ekseli mlimani kati ya Kabale na Katuna, au likizimika kwenye foleni ya Malaba, barabara huziba kwa muda mfupi tu, na pamoja nayo huziba njia ya mgonjwa anayekimbizwa hospitalini, ya mchuuzi mwenye nyanya zinazoiva na ya mtoto anayerudi kutoka shuleni. Kwa sababu hiyo, wenye brekidauni na mafundi wanaozitunza ni washirika wetu wa karibu katika kazi ya usalama barabarani.

Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwao ni hili: je, ni halali na ni salama kuifungia injini ya dizeli tabo mbili badala ya moja, ili gari lipate nguvu ya kuvuta lori lenye mzigo kwenye milima yetu? Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Tumeona vyema tulieleze jambo lenyewe kwa utaratibu, ili mwenye gari, fundi, dereva na mwananchi anayepita kando ya barabara wajue kila mmoja wajibu wake.

Kazi ya tabo

Nguvu ya injini ya dizeli hutoka katika mafuta, nayo mafuta hayaungui bila hewa. Kilo 1 ya dizeli huhitaji hewa ya kilo 14 na nusu hivi ili iungue yote, na katika injini halisi hutakiwa zaidi ya hapo ili moshi usiwe mweusi. Moshi mweusi unaotoka kwenye lori linalopanda mlima ni mafuta ambayo hayakupata hewa ya kutosha. Ni fedha ya mwenye gari inayopeperuka angani.

Tabo huitafutia injini hewa hiyo. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda huzungusha gurudumu la kwanza; la pili huvuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini kwa mgandamizo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Leo karibu kila lori jipya la dizeli lina tabo kutoka kiwandani.

Kwa wakazi wa nyanda za juu, chombo hiki kina faida ya ziada. Hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda. Katika mwinuko wa mita 2,000, mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu moja ya tano ukilinganishwa na ule wa pwani. Injini isiyo na tabo, iliyotoka Mombasa ikiwa na afya njema, hufika Kigezi ikihema.

Njia mbili za kufunga tabo mbili

Njia ya kwanza ni ya sambamba. Tabo mbili za ukubwa mmoja hugawana silinda. Katika injini ya silinda 6, kila tabo hupokea moshi wa silinda 3. Faida yake ni kwamba tabo ndogo huanza kuzunguka mapema. Hata hivyo, mgandamizo wa mwisho hauzidi ule ambao tabo moja kubwa ingeutoa.

Njia ya pili ni ya mfuatano, nayo ndiyo inayotafutwa na wavuta mizigo. Tabo kubwa huvuta hewa ya nje, huigandamiza, kisha huikabidhi tabo ndogo ambayo huigandamiza tena kabla haijaingia kwenye injini. Moshi hupita kwa mpangilio wa kinyume: huanza kwa tabo ndogo, kisha huenda kwa kubwa. Injini ikizunguka polepole, tabo ndogo huamka kwanza. Mzigo unapozidi, kubwa huipokea kazi.

Jambo la kuzingatia katika njia hii ni kwamba migandamizo huzidishana, haijumlishwi. Tabo kubwa ikiigandamiza hewa mara 2, na ndogo ikaigandamiza tena mara 1.8, hewa huingia ndani ikiwa imegandamizwa mara 3.6. Fundi anayedhani kwamba ameongeza kidogo tu kwenye kila tabo huweza kujikuta ameongeza mno kwa jumla. Makosa mengi ya kazi hii huanzia kwenye hesabu hiyo.

Utaratibu wa kazi

Hatua ya kwanza ni kuipima injini kabla ya kununua chochote. Mgandamizo wa kila silinda upimwe. Oili ichunguzwe kama ina maji. Gasketi ya silinda hedi na boliti zake zikaguliwe. Injini iliyochoka haiponi kwa kufungiwa tabo ya pili. Huzikwa nayo.

Hatua ya pili ni kuchagua tabo zinazolingana na ujazo wa injini na kasi yake ya kazi. Gari la kuvuta hufanya kazi kwa mizunguko ya chini na ya kati kwa muda mrefu, halishindani mbio. Kipimo kinachofaa gari la mashindano hakifai hapa. Tabo kubwa mno huchelewa kuamka, na lori hubaki mlimani likitoa moshi mweusi. Tabo ndogo mno huzunguka kupita kiasi hadi mapanga yake yakavunjika. Ikumbukwe kwamba mhimili wa tabo ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kipande kinachokatika katika kasi hiyo huruka kama risasi.

Hatua ya tatu ni mabomba na vishikizo. Tabo kubwa ni nzito. Ikining'inizwa kwenye manifoldi peke yake, manifoldi hupasuka kwa mtikisiko na joto. Sharti iwe na kishikizo chake imara, na bomba la moshi liwe na sehemu inayoweza kutanuka. Mabomba ya breki, nyaya za umeme na mabomba ya dizeli yahamishwe mbali na tabo, au yakingwe kwa bati na kitambaa kisichoungua.

Hatua ya nne ni oili. Kila tabo ihitaji njia yake ya kuletewa oili safi na njia yake ya kuirudisha. Njia ya kurudisha iwe pana, iteremke bila kupinda juu, na imwage oili mahali palipo juu ya usawa wa oili iliyomo kwenye sampu. Oili ikikwama kurudi, hupenya kwenye sili na kuingia kwenye njia ya hewa. Hatari ya jambo hilo tutaieleza mbele.

Hatua ya tano ni kupoza hewa. Hewa inayogandamizwa hupata joto. Ikigandamizwa mara 3.6, joto lake huweza kuzidi nyuzi 200 za Selsiasi. Hewa ya moto ni nyepesi, nayo huzidisha joto ndani ya silinda. Kwa hiyo kipozahewa, ambacho mafundi hukiita intakula, kiwe kikubwa kuliko cha awali, na rejeta ya maji iwe nzima.

Hatua ya sita ni ulinzi. Iwepo valvu ya kupitisha moshi pembeni ili mgandamizo usivuke kiwango kilichopangwa. Ziwepo geji tatu mbele ya dereva: ya mgandamizo wa hewa, ya presha ya oili, na ya joto la moshi kabla haujaingia kwenye tabo. Hii ya mwisho ndiyo mlinzi mkuu. Mafundi wengi huchukua nyuzi 700 hivi kuwa mpaka usiofaa kuvukwa kwa muda mrefu, kwa kuwa pistoni ni za aloi ya alumini, na alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kinachoiokoa pistoni ni oili na maji yanayoipoza. Vikizidiwa, haina mwokozi mwingine.

Mafuta huongezwa mwisho, kidogokidogo, huku geji zikisomwa. Baada ya kazi nzito, dereva aiache injini iunge polepole kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuizima, ili oili iendelee kupoza tabo. Akizima papo hapo, oili huungua ndani yake na kugeuka makaa.

Faida halisi mlimani

Tuchukue mfano. Brekidauni pamoja na lori inalolivuta zina uzito wa tani 30. Mlima una urefu wa kilomita 6 na unapanda mita 6 katika kila mita 100. Kuupanda kwa kilomita 30 kwa saa huhitaji nguvu ya farasi 220 hivi kwenye magurudumu. Kuupanda kwa kilomita 20 kwa saa huhitaji farasi 150 hivi. Wa kwanza atafika kileleni kwa dakika 12, na wa pili kwa dakika 18.

Kwa maneno mengine, tabo ya pili humnunulia mwenye gari dakika 6. Uwezo wenyewe wa kuupanda mlima huletwa na gia ndogo na difu inayofaa. Kuna mazingira ambamo dakika hizo zina thamani kubwa, hasa pale foleni ni ndefu na barabara ni nyembamba. Lakini mwenye gari anayekaribia kuuza ng'ombe ili apate fedha za kazi hii apaswa kujua ananunua nini.

Tabo zisichoongeza

Mlima uliopandwa huteremkwa. Kwenye mteremko huohuo wa kilomita 6, hata tukitoa sehemu inayoliwa na msuguano wa magurudumu, breki na injini hupaswa kumeza joto linaloweza kuchemsha maji zaidi ya lita 250. Joto hilo likiachiwa breki za ngoma peke yake, bitana hupata moto, hupoteza mshiko, na kanyagio la breki halileti jibu. Tabo mbili hazipunguzi hata chembe ya joto hilo. Kinyume chake, dereva aliyezoea kupanda kwa haraka hushawishika kuteremka kwa haraka.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Lori kubwa lililozimika halina upepo wa breki, na breki zake za springi hujifunga zenyewe. Ili livutwe, mafundi huzifungua springi hizo kwa mkono. Tangu dakika hiyo, lori linalovutwa halina breki yoyote. Tani 20 zinaifuata brekidauni kwa nyuma zikitegemea breki zake peke yake. Njia sahihi ni kuunganisha bomba la upepo kutoka kwenye brekidauni hadi kwenye lori linalovutwa, ili breki zifanye kazi pamoja. Brekidauni isiyo na bomba hilo ihesabiwe kuwa haijakamilika, hata ikiwa na tabo nne.

Jambo la pili ni ekseli ya mbele. Mzigo unaoning'inia nyuma huinua pua ya gari kama mizani ya sokoni. Ikiwa mkono wa brekidauni umebeba tani 4 mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli ni mita 4, basi ekseli ya mbele imepunguziwa tani 2. Magurudumu ya mbele yakigusa lami kwa wepesi, usukani hauitiki. Nguvu ya ziada ya injini huzidisha hatari hii dereva anapoondoka kwa ghafla mlimani.

Jambo la tatu ni klachi, giaboksi, shafti na chasisi. Vyote vilipimwa kiwandani kwa nguvu ya awali. Ukiongeza nguvu mahali pamoja, unahamisha udhaifu kwenda mahali pengine. Na shafti inapokatika mlimani, gari hupoteza msaada wa injini katika kusimama.

Injini isiyokubali kuzima, na lori la mafuta

Tulisema oili ikivuja kutoka kwenye tabo huingia kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huunguza chochote kinachoungua kikiingia kwenye silinda. Hivyo huanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, ikipiga kelele na kuongeza kasi. Dereva anazungusha ufunguo, haizimi. Njia ya kuitiisha ni kuinyima hewa kwa valvu maalumu ya kufunga njia ya hewa, au, kwa gari lenye gia za mkono, kukanyaga breki kwa nguvu zote huku gia kubwa ikiwa imeingia na klachi ikiachiwa. Mtu asithubutu kuziba mdomo wa hewa kwa kiganja, na watu wasisimame kando ya injini. Tunashauri kila gari lililofungwa tabo mbili liwe na valvu hiyo ya kufunga hewa.

Injini hufanya hivyohivyo ikivuta mvuke wa petroli. Ndiyo maana brekidauni haipaswi kusogea karibu na lori la mafuta lililopinduka mpaka zimamoto waruhusu. Nyumba ya tabo iliyotoka kupanda mlima huweza kuwa nyekundu kwa moto, nayo hutosha kuwasha mvuke uliotanda chini.

Jirani zetu wa Sange, Kivu Kusini, karibu na mpaka wa Burundi, waliliona jambo hilo kwa macho. Mwezi Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapo; watu walikusanyika, wengine kwa kuteka mafuta, wengine wakiwa karibu tu na majumba yao; moto ulilipuka na zaidi ya watu 200 walifariki. Ndoo ya petroli haina bei inayofikia uhai wa mtoto mmoja. Tunapowaomba mrudi nyuma, hatuwanyimi riziki.

Sheria, bima na vipuri

Kufunga tabo ya pili si kosa kwa yenyewe. Ila injini ikibadilishwa, au mabadiliko yakigusa maelezo yaliyomo kwenye kadi ya gari, taarifa itolewe kwa mamlaka ya usajili. Uwezo mpya wa injini hauleti ruhusa ya kubeba zaidi: kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari lenye ekseli za kutosha, na kila ekseli ina kikomo chake. Mizani haiulizi idadi ya tabo.

Mwenye gari aiarifu kampuni yake ya bima kwa maandishi kabla ya kuanza kazi. Mabadiliko makubwa yaliyofichwa huweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia. Anayevuka mpaka ahakikishe ana Kadi ya Njano ya COMESA, na kwamba inalihusu gari lake kwa kazi linayoifanya. Tena, anayetoka Uganda kuingia Rwanda au Kongo hubadilisha upande wa barabara, kushoto kwenda kulia. Akiwa na lori refu nyuma yake, aombe askari wa pande zote mbili wamwongoze.

Kuhusu vipuri, tabo iliyotumika ni bidhaa yenye soko, na chenye soko huvutia wezi. Malori yanayolala kwenye foleni za mpakani ni shabaha yao. Mnunuzi adai risiti yenye jina na namba ya simu ya muuzaji, na aandike namba iliyopigwa kwenye kibati cha tabo. Kibati kilichong'olewa au kusuguliwa ni ishara ya kutosha ya kuacha kununua. Ukinunua mali ya wizi, unaweza kuipoteza mali hiyo, kupoteza fedha zako na kujikuta ukijibu mashtaka.

Tunachoomba

Kwa mwenye gari: anza na breki, bomba la upepo, magurudumu na gia, tabo ya pili ije baada ya hayo. Kwa fundi: andika kwenye karatasi ulichofunga, kiwango cha mgandamizo ulichopanga na tarehe, kisha umkabidhi mwenye gari nakala. Fundi anayeijua kazi yake haogopi kuiwekea sahihi. Kwa dereva: teremka kwa gia uliyopandia, au ndogo zaidi, na usimame mara moja unaposikia harufu ya bitana inayoungua. Kwa utingo: weka alama za pembetatu mbele na nyuma mapema, na usiruhusu mtu asimame karibu na waya wa winchi unapokazwa, kwani ukikatika hupiga kama mjeledi.

Kwa wazazi na walimu wa shule zilizo kando ya barabara kuu: waelezeni watoto kwamba gari linalovutwa huenda halina breki. Wasilidandie, wala wasipite katikati ya magari mawili yaliyounganishwa.

Mwenye gari aliye na mashaka, na alilete kituo cha polisi kilicho karibu naye aombe ukaguzi wa breki na viungio kabla ya safari. Anayekuja mwenyewe anatafuta usalama, nasi tutampokea kama mtu wa namna hiyo. Kwa dharura barabarani, piga simu 999 au 112, utaje jina la mahali, idadi ya magari, na kama kuna lori la mafuta. Maneno hayo matatu yakitufikia mapema, huokoa wengi.